Giovanni Verga na mwanamke aliyeitwa Mbwa Mwitu

Mwaka 1880 mchapishaji Treves wa mjini Milano, kaskazini mwa Italia, alitoa kitabu chembamba chenye hadithi fupi nane kuhusu watu wa kisiwa cha Sisilia. Kitabu kiliitwa Vita dei campi, yaani Maisha ya Mashambani. Moja ya hadithi hizo ina kurasa chache tu, na msomaji huweza kuimaliza kabla kikombe chake cha kahawa hakijapoa. Inamhusu mwanamke wa makamo, mrefu na mwembamba, mwenye macho meusi kama makaa, ambaye kijiji kizima kimemwondolea jina lake na kumwita La Lupa: mbwa mwitu jike.

Giovanni Verga, aliyeiandika, alikuwa akikaribia umri wa miaka 40. Hakuwa mgeni katika kuwafananisha wanawake na wanyama. Kabla ya hapo alikwisha kuandika riwaya moja yenye jina la ndege na nyingine yenye jina la chui milia, na wasomaji wa mijini walizipokea kwa hamu. Lakini katika riwaya hizo mwandishi mwenyewe ndiye aliyemvika mwanamke ngozi ya mnyama. Katika hadithi ya mwaka 1880 kazi hiyo aliwaachia majirani, naye akanyamaza. Ukimya huo ndio uliompatia nafasi aliyonayo hadi leo katika fasihi ya Italia.

Mtoto wa wenye mashamba

Verga alizaliwa mwaka 1840, na kuzaliwa kwake kuliandikishwa Catania, mji wa bandari ulio chini ya mlima Etna, tarehe 2 Septemba. Ukoo wake ulikuwa wa wenye mashamba, watu wenye heshima ya zamani kuliko fedha taslimu, na mali yao ilikuwa Vizzini, mji mdogo wa vilimani kusini-magharibi mwa Catania. Kipindupindu kilipoingia Catania mwaka 1854, familia ilikimbilia huko shambani. Kijana huyo wa mjini akakaa miezi mingi akisikiliza wachungaji, wavunaji na wasimamizi wa mashamba wakizungumza kwa lugha ya Kisisilia, lugha ambayo Mtaliani wa kaskazini asingeielewa. Hakuna dalili kwamba wakati ule aliona jambo lolote la kuandikwa katika mazungumzo hayo. Akilini mwake kulikuwa na mashujaa, panga na bendera.

Mnamo Mei 1860 Giuseppe Garibaldi alitua Marsala pamoja na wapiganaji wake wa kujitolea, na utawala wa wafalme wa nasaba ya Bourbon katika kisiwa hicho ukaporomoka. Verga alijiunga na walinzi wa taifa walioundwa kulinda utaratibu mpya, akatumikia takriban miaka minne. Masomo ya sheria katika Chuo Kikuu cha Catania aliyaacha njiani, na fedha ambazo zingelipia shahada baba yake alikubali zitumike kuchapisha riwaya ya kihistoria, I carbonari della montagna. Ni riwaya ya kijana mwenye moto mwingi na maarifa machache. Leo wanaoisoma ni watafiti tu.

Wanawake wa mijini

Mwaka 1869 alihamia Firenze, uliokuwa mji mkuu wa Italia kabla ya Roma. Aliingia katika kumbi ambamo waandishi, wanasiasa na mabibi wenye vyeo walikutana jioni, na akajifunza haraka kile ambacho watu hao walipenda kusoma. Storia di una capinera, yaani Kisa cha Capinera, ilitoka kitabuni mwaka 1871. Capinera ni ndege mdogo mwenye kichwa cheusi, na katika riwaya hiyo ni msichana aliyepelekwa utawani bila kupenda, akafia ndani kama ndege wa tunduni. Wasomaji walilia, na Verga akawa mtu wa kujulikana.

Mwaka uliofuata alikwenda Milano, mji wa viwanda, magazeti na maonyesho ya muziki, akakaa huko karibu miaka 20 huku akirudi Sisilia mara kwa mara. Riwaya zake za miaka hiyo zimejaa wanawake wa namna moja: wazuri, wavivu, wagonjwa kidogo, wenye manukato, ambao kijana wa kusini akiwakaribia hupoteza fedha, kazi na usingizi. Iliyo wazi kuliko zote ni Tigre reale ya mwaka 1875, ambayo jina lake lina maana ya chui milia wa kifalme. Nata, bibi wa kitajiri kutoka Urusi, anamnasa mwanadiplomasia kijana wa Sisilia, anamwachia, kisha anamfuata hadi kisiwani kwao, ambako kifua kikuu kinammaliza.

Chui huyo hana kijiji. Hana kazi wala deni, wala majirani wa kumsengenya. Ukali wake ni pambo, kama ngozi ya mnyama iliyotandikwa sakafuni mbele ya moto. Hata hivyo, pambo hilo lilidumu: mwaka 1916 Giovanni Pastrone aliitengenezea riwaya hiyo filamu ya kimya, na aliyecheza nafasi ya Nata alikuwa Pina Menichelli, mzaliwa wa Sisilia na mmoja wa nyota wakubwa wa sinema ya Italia wakati huo.

Katikati ya riwaya hizo Verga alitoa hadithi moja ambayo haikufanana nazo. Nedda, ya mwaka 1874, inamfuata msichana maskini anayeokota zeituni kwa kibarua, anayepata mtoto na mwanamume anayekufa kabla ya ndoa, na ambaye mwisho anamzika mtoto pia. Ilipendwa Milano kwa huruma yake. Mwandishi bado alikuwa akisimama kando na kumwonyesha msomaji mahali pa kusikitika, lakini mavumbi ya Vizzini yalikuwa yamekwisha kuingia katika karatasi zake.

Mambo mawili yalimsukuma zaidi. La kwanza lilitoka nje: waandishi wa Ufaransa, hasa Émile Zola, walikuwa wakidai kwamba riwaya iwatazame watu kama daktari anavyotazama mgonjwa, na rafiki yake wa Sisilia, Luigi Capuana, alilibeba wazo hilo hadi Italia. Wakati huohuo watafiti wawili, Leopoldo Franchetti na Sidney Sonnino, walichapisha mwaka 1877 uchunguzi wao kuhusu hali ya Sisilia, na Waitalia wa kaskazini wakasoma kwa mara ya kwanza juu ya watoto waliobeba salfa migodini na wakulima waliodaiwa na mabwana wao kizazi hadi kizazi. La pili lilitoka nyumbani. Mama yake, Caterina Di Mauro, alifariki Desemba 1878, na Verga, ambaye hakuwahi kuoa na ambaye mama alikuwa nguzo yake, alishindwa kuandika kwa muda. Aliporudi mezani alikuwa ameacha mabibi wa Firenze na Milano. Mwanamke aliyemwandika sasa alishika jembe.

Kijiji kinasimulia

Katika hadithi ya La Lupa mwanamke huyo ana jina lake, Pina, na hutanguliziwa neno gnà, ambalo Wasisilia walilitumia kwa wanawake wa tabaka la chini kama mtu wa pwani anavyosema Bi. Lakini ni wachache wanaomwita hivyo. Ana sura ya kupauka kama mtu mwenye malaria isiyomwacha, jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki atalitambua mara moja: malaria ilikuwa ugonjwa wa kila siku wa tambarare za Sisilia, na Verga aliupa hadithi nzima katika kitabu chake cha baadaye. Midomo yake ni myekundu. Anapopita, wanawake hujiandika ishara ya msalaba, kwa sababu inasemwa kwamba huwala wana na waume zao, na kwamba hata padri mmoja mcha Mungu aliipoteza roho yake kwa ajili yake.

Inasemwa: hapo ndipo ilipo hila ya hadithi. Hakuna ukurasa ambapo mwandishi anathibitisha habari hizo kwa sauti yake. Anayesimulia ni kijiji, kwa maneno yake, hofu yake na methali zake, na msomaji wa haraka huvutwa akaamini kila kitu. Lisemwalo lipo, na pale ambapo halikuwapo, kulisema kila siku hulileta. Verga alieleza nadharia yake katika kitabu hichohicho, kwenye barua kwa mwandishi Salvatore Farina aliyoiweka mwanzoni mwa hadithi nyingine: alitaka kazi ya sanaa ionekane kana kwamba imejizaa yenyewe, bila alama ya mkono wa aliyeiandika.

Msomaji akitenganisha yanayosemwa na yanayotendwa, mwanamke mwingine hujitokeza. Pina ni mjane au mwanamke asiye na mume. Hadithi haijishughulishi kueleza. Ana nyumba yake, ana kipande cha ardhi, ana binti anayeitwa Maricchia mwenye mahari tayari sandukuni. Analima, anapalilia, anapogoa mizabibu na kulisha wanyama pamoja na wanaume, katika baridi ya Januari na katika upepo wa moto wa Agosti. Anakwenda peke yake. Pengine dhambi yake ya kwanza ilikuwa hiyo: katika kijiji cha Sisilia cha karne ya 19 mwanamke aliyejitegemea kwa jembe lake na asiyemwogopa mtu hakuwa na mahali pa kuwekwa, na mahali pekee palipobaki palikuwa miongoni mwa wanyama.

Kisha anapenda. Nanni ni kijana aliyerudi kutoka jeshini, na wanakata majani pamoja katika mashamba ya bwana mmoja. Pina anamwambia wazi anachotaka. Nanni anacheka na kujibu kwamba yeye anamtaka binti. Mwanamke anaondoka akiwa ameshika kichwa, haonekani tena hadi Oktoba, msimu wa kukamua zeituni, anapokuja kinuni usiku kumpa kijana huyo kile alichoomba. Maricchia hataki. Mama anamlazimisha kwa kutishia kumuua. Nanni anapewa mke na nyumba, na Pina anajibakizia pembe moja ya jikoni ya kulala.

Hapo hakuna namna ya kumsafisha. Wasomaji wa siku hizi ambao wangependa kumfanya shujaa wa uhuru hukwama kwenye ukurasa huu, na hawana budi kukwama. Verga hakumwandika mwanamke mwema aliyesingiziwa. Alimwandika mtu mwenye njaa isiyo na adabu, aliyeitumia nguvu aliyokuwa nayo dhidi ya mtu dhaifu kuliko yeye, kama wenye nguvu wengine wote wa kisiwa hicho walivyofanya. Tofauti ni kwamba wao waliitwa mabwana.

Yanayofuata yanatokea katika saa ya jua la utosini, saa ambayo hakuna mwanamke wa heshima anayetembea, na ambayo wazee wa pwani ya Afrika Mashariki nao huwakataza watoto kuzurura. Pina anavuka mashamba ya mabua makavu, Etna ikiwa imefunikwa na ukungu wa joto, anamfuata mkwewe mahali alipolala na kumpelekea mvinyo. Nanni anamfukuza, analia, anamwambia asije tena kwenye uga wa kupuria ngano. Anakuja tena. Na tena. Asipokuja, Nanni mwenyewe hutoka kwenda kumngoja njiani, jasho likiwa usoni. Hadithi inalitaja jambo hilo kwa upesi sana, kama kijiji kingependa lisionekane.

Maricchia anamshtaki mama yake kwa mkuu wa polisi. Nanni anapiga magoti na kuomba afungwe gerezani, akisema ni kishawishi cha jehanamu. Pina akiulizwa anatoa jibu la kisheria: nyumba ni yake, alijibakizia pembe ya jikoni alipoitoa, na hataki kuondoka. Katika hadithi nzima ni yeye pekee anayezungumza juu ya haki yake bila kumtaja shetani. Wakati huo msimulizi amekwisha kumgeuza binti naye kuwa kitoto cha mbwa mwitu, kwa sababu ya macho yake yaliyojaa machozi na wivu. Jina lilikuwa likirithiwa.

Nyumbu wa kazi anampiga Nanni teke la kifua, naye anakaribia kufa. Padri anakataa kumletea komunyo hadi Pina atoke nyumbani. Pina anatoka. Mgonjwa anapona, anafanya kitubio hadharani kwa kulamba mawe ya mbele ya kanisa, kisha yote yanaanza upya. Nanni anatangaza kwamba safari nyingine akimwona atamuua. Katika picha ya mwisho Pina anakuja kupitia ngano mbichi, mikononi amebeba maua mekundu ya porini, macho yakimtazama bila kuinama. Nanni ameacha mizabibu yake na kushika shoka, na shoka linang'aa juani. Verga anaweka nukta kabla halijashuka.

Wasomaji wa Italia walikuwa na mbwa mwitu jike wengine vichwani mwao. Yuko yule aliyewanyonyesha Romulus na Remus, alama ya mji wa Roma. Yuko yule wa Dante, mwembamba na asiyeshiba, anayemzuia msafiri mwanzoni mwa safari yake ya kuzimu. Na katika Kilatini neno lupa lilikuwa pia jina la malaya. Mama, tamaa na kahaba katika neno moja: kijiji cha Pina hakikuhitaji kubuni kitu.

Kwa msomaji wa leo shoka lile si sitiari. Sheria ya Italia iliendelea kuwapunguzia adhabu waliowaua wake, mabinti au dada zao kwa ajili ya heshima ya familia hadi mwaka 1981, ilipofutwa. Katika kitabu hicho cha mwaka 1880 kuna hadithi mbili nyingine, Cavalleria rusticana na Pentolaccia, ambamo mume anamuua mpenzi wa mkewe, na kijiji kinaona limefanyika la kufanyika.

Barua iliyofunguliwa

Mwaka 1881 Verga alitoa I Malavoglia, riwaya kuhusu familia ya wavuvi wa Aci Trezza wanaopoteza mashua, nyumba na watoto. Leo inahesabiwa miongoni mwa vitabu vikubwa vya lugha ya Kitaliano. Wakati ule ilianguka, na mwandishi alilijua hilo. Alikuwa ameipanga kama ya kwanza kati ya riwaya tano juu ya watu walioshindwa na mwendo wa maendeleo, kutoka wavuvi hadi watu wa juu kabisa.

Maisha yake mwenyewe nayo yalimletea jambo lililofanana na hadithi zake. Firenze alikuwa amefahamiana na mwalimu kijana, Giselda Fojanesi, ambaye baadaye aliolewa Catania na mshairi Mario Rapisardi, mtu mwenye jina kubwa katika mji huo. Ndoa haikuwa na furaha, na Verga na Giselda wakawa wapenzi. Desemba 1883 barua ya Verga ilifika mikononi mwa mume. Giselda alifukuzwa nyumbani, akarudi bara, akalazimika kujitafutia riziki kwa kufundisha na kuandika. Verga aliendelea kuwa Verga: mapokezi ya Milano hayakufungwa, na mapenzi yao yalififia baada ya muda. Catania ilikuwa na lake la kusema juu ya mwanamke huyo kwa miaka mingi. Aliishi hadi mwaka 1946, akawazika wote wawili.

Kama Verga alikuona kufanana kati ya mkasa huo na kijiji alichokuwa amekiandika, hakuandika chochote kuhusu jambo hilo kwa ajili ya umma. Alikuwa mtu wa siri. Baadaye alikuwa na uhusiano wa miaka mingi na bibi wa kitajiri, Dina Castellazzi di Sordevolo. Hata alipokuwa mjane hawakuoana.

Shoka jukwaani

Fedha zilitoka kwenye jukwaa. Tarehe 14 Januari 1884, katika ukumbi wa Carignano mjini Torino, Eleonora Duse alicheza nafasi ya Santuzza katika tamthilia ya Cavalleria rusticana, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Miaka sita baadaye Pietro Mascagni aliigeuza kuwa opera iliyoshinda shindano la mchapishaji Sonzogno na kuzunguka dunia nzima. Verga aliona amepunjwa, akawashtaki, akashinda, na mwaka 1893 alilipwa lira 143,000, mali kubwa kwa siku hizo. Mwaka huohuo alirudi Catania moja kwa moja.

La Lupa nayo ilinusurika kuwa opera mashuhuri. Giacomo Puccini, aliyekuwa akitafuta hadithi mpya, alisafiri hadi Catania mwaka 1894, akakutana na Verga na kutazama mandhari. Maneno ya opera yalikuwa yakitayarishwa na Federico De Roberto, rafiki wa Verga. Njiani kurudi, melini, Puccini alizungumza na bibi mmoja wa tabaka la juu, Blandine Gravina, binti wa Cosima Wagner, ambaye hakupendezwa hata kidogo na kisa cha tamaa na mauaji. Puccini aliweka kando karatasi zake, baadhi ya muziki alioanza kuutunga akautumia katika La bohème, na msichana mgonjwa wa Paris akachukua nafasi ya mkulima wa Sisilia. Verga aliitoa La Lupa kama tamthilia tu, Torino, Januari 1896. Haikurudia ushindi wa Santuzza. Santuzza hulia na kuachwa, na watazamaji walijua namna ya kumpenda. Pina aliwatazama usoni.

Baada ya hapo Verga aliandika kidogo na kidogo zaidi. Mastro-don Gesualdo, riwaya yake kuu ya pili, ilikuwa imetoka mwaka 1889. Ya tatu katika mpango wa tano haikuvuka mwanzo wake. Alisimamia mashamba, aliwalea watoto wa kaka yake Pietro aliyefariki mwaka 1903, alisumbuka na malimau, bei na mawakili. Kisiasa alikuwa mhafidhina asiyewaamini wasoshalisti, na uzeeni aliwaelekea wazalendo wakali, jambo linalowashangaza wanaodhani kwamba aliyewaona maskini kwa macho makali vile lazima awe upande wao. Alikuwa pia mpiga picha. Mwaka 1966 negativu zake zilipatikana: ndugu, watumishi, wasimamizi na wakulima wa Vizzini, wamesimama wima mbele ya kuta zilizobambuka, jua likiwa machoni.

Mwaka 1920, alipotimiza miaka 80, serikali ilimfanya seneta, na Luigi Pirandello alitoa hotuba ya heshima katika ukumbi wa Bellini, Catania. Verga alifariki kwa kiharusi nyumbani kwake, barabara ya Sant'Anna, tarehe 27 Januari 1922. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho.

Wakati wa kifo chake Mwingereza mmoja alikuwa akiishi Taormina, mji wa pwani si mbali na Catania, na alikuwa amemaliza majira ya baridi akisoma vitabu vya Verga. Alikuwa D. H. Lawrence. Mwezi mmoja baadaye alipanda meli Napoli kwenda Ceylon, Sri Lanka ya leo, na alipokuwa safarini, meli ikipita mfereji wa Suez na Bahari ya Shamu, alikaa sitahani akimfasiri Mastro-don Gesualdo kwa Kiingereza. Hadithi ya Pina ilifuata katika kitabu alichokitoa mwaka 1928. Mwaka 1965 Franco Zeffirelli aliirudisha tamthilia hiyo jukwaani mjini Firenze. Aliyecheza La Lupa alikuwa Anna Magnani, mwanamke wa miaka 57, asiyejipaka rangi ya kuficha umri, na safari hii ukumbi ulisimama kumshangilia.